Mstari Alioufuta Kaka Yangu

Watoto wa mtaani humwita kaka yangu Bwana Subiri, na hawakukosea. Ukimgongea mlango atakwambia subiri. Ukimpigia simu atakwambia subiri. Ukimwambia chakula kiko mezani kinapoa atakwambia subiri, na hapo ujue nusu saa imekwenda. Mke wake aliivumilia subiri hiyo miaka sita, kisha akafunga virago bila ugomvi. Tukiwa tumesimama getini na sanduku lake, wifi yangu huyo aliniambia kwamba hana kinyongo na mtu, ila amechoka kuwa mke mwenza wa mashine. Nilimtetea kaka kwa sababu damu ni nzito kuliko maji, lakini moyoni nilimpa mwanamke yule haki yake.

Mimi ni mdogo wake, tumefuatana ziwa. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, kazi yangu kuchapa maelezo ya washtakiwa na mashahidi neno kwa neno, mpaka vidole vyangu vikawa vinaandika kabla akili haijaelewa. Nimestaafu, na mdomo wangu haujastaafu. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji. Lakini kazi yake hasa haikuwa ya ofisini. Ilikuwa ya chumbani kwake, na ndiyo nitakayoisimulia, maana yeye mwenyewe ukimwuliza utaambiwa subiri.

Kompyuta haiwezi kufanya lolote bila mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Mifumo mingi inamilikiwa na makampuni. Huu wa kaka ni mdogo, wa ukoo wa ule mfumo mkongwe uitwao Unix, na hauna mwenyewe. Unaandikwa na watu mia chache waliotawanyika duniani, wanaoufanyia kazi kwa kupenda tu, na wengi wao hawajawahi kuonana. Kila mmoja ana kipande chake. Kuna wa diski, kuna wa mtandao, kuna wa skrini, na hao ndio wenye sifa. Kipande cha kaka yangu ni makefile.

Makefile ni faili dogo la maelekezo. Linaiambia kompyuta: ukitaka kujenga hiki, anza na kile, na kile kikibadilika, jenga upya vyote vinavyokitegemea, vingine viache vilivyo. Ni kama nyumba. Hupaki rangi ukuta ambao haujapigwa lipu, na lipu haipigwi kabla tofali hazijapanda. Katika mfumo wao mafaili hayo ni zaidi ya elfu mbili. Kila siku mtu fulani anaongeza jambo au anapunguza, na kaka kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akihakikisha kwamba ukiiambia mashine ijenge, inajenga mfumo mzima tangu msingi mpaka paa bila kukwama. Alikuwa na ufunguo, ndivyo wanavyoiita ile ruhusa ya kuingiza kazi yako moja kwa moja bila kukaguliwa kwanza. Wenye ufunguo ni wachache.

Sasa kazi ya namna hiyo ina ubaya wake. Ikienda vizuri, hakuna anayejua kama ipo. Watu humkumbuka fundi wa mabomba maji yanapofurika sebuleni, siku nyingine zote wanaoga tu. Kaka aliandikiwa barua pale ujenzi ulipokwama, na nyingi zilikuja kwa hasira. Kadiri alivyozidi kuwa hodari ndivyo barua zilivyopungua. Mwaka huo ninaousimulia alikuwa amekaa miezi mitano bila barua hata moja iliyoandikwa kwake yeye. Yeye alikuwa akisoma za wenzake, walivyokuwa wakitaniana, walivyokuwa wakipongezana kwa skrini na mitandao yao.

Anaishi vyumba viwili vya ghorofani, nyuma ya jengo lenye karakana ya majokofu. Meza yake inagusa ukuta na ukuta. Juu yake kuna kompyuta tatu, mbili zikiwa hazina maganda, utumbo nje, na feni zake zinavuma kutwa. Alikuwa na uwezo wa kusikiliza uvumaji huo akiwa jikoni akajua ujenzi umefika wapi. Kila Jumapili nilikuwa nampelekea chakula, nafagia, namgombeza kwa vikombe vyenye ukungu, naondoka. Alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni akigeuka kutazama skrini mara mbili.

Jicho lake la kushoto liliharibiwa na surua tungali wadogo, linatofautisha mchana na usiku tu. La kulia ndilo lililokuwa likifanya kazi ya mawili. Jumanne moja likaanza kumwonyesha vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu. Kesho yake kivuli kikaanza kupanda kutoka pembeni. Mtu mwenye akili timamu angekimbilia hospitali. Kaka alikaa siku nne, eti kwa kuwa toleo jipya la mfumo wao lilikuwa linatoka Jumamosi. Nilipojua nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Daktari wa macho, mwanamke mpole kuliko mimi, alimweleza kwamba ngozi ya ndani ya jicho imebanduka, atafanyiwa upasuaji Jumatatu, na atawekewa hewa ndani ya jicho ya kuikandamiza ngozi hiyo irudi mahali pake. Ili hewa hiyo ifanye kazi, itabidi akae uso chini siku kumi na nne, usiku na mchana, apumzike kwa dakika chache tu za kula na kwenda msalani. Akiinua uso kwa ubishi, jicho limekwenda.

Jumapili ile, siku moja kabla ya kulazwa, kaka aliwaandikia wenzake. Aliwaambia anakwenda kupasuliwa jicho, hataweza kusoma kwa majuma mawili, na kwamba wakikwama wamwandikie, dada yake atamsomea. Nilipokuwa namwandalia mfuko wa hospitali jioni aliniambia kwamba hakuna aliyejibu. Alisema huku anacheka kidogo. Mimi nilikuwa natafuta kadi yake ya hospitali, sikumsikiliza.

Upasuaji ulikwenda salama. Alikaa wodini usiku mmoja, nikamrudisha kwake nikahamia huko na godoro langu. Nilikuwa nimemwomba seremala wa mtaa wa pili atoboe tundu la duara kwenye meza ya zamani, kiasi cha uso wa mtu. Seremala aliniuliza mara tatu kama najisikia vizuri. Tukazungusha sponji kwenye tundu, tukaweka mto wa kifua, na kaka akalala hapo kifudifudi, jicho limefungwa bandeji, uso umeingia tunduni, anaongea na sakafu. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaona aibu. Siku ya pili nikazoea kuzungumza na kisogo.

Kila asubuhi baada ya kumtia dawa nilikaa kwenye meza ya kompyuta nikamsomea barua za kundi lao. Wanaandikiana Kiingereza, kile cha watu ambao wengi wao si lugha yao ya nyumbani. Mimi nilikuwa namgeuzia Kiswahili moja kwa moja kama nilivyokuwa nikifanya kortini. Alitaka nisome zote. Nikimaliza alikuwa anauliza kama kuna iliyomtaja. Namwambia hakuna. Anasema sawa.

Siku ya tatu ikaja barua ya mtu aliyelalamika kwamba ujenzi umekwama katikati. Alikuwa ameujaribu tena bila kubadilisha chochote, ukapita. Mara ya tatu ukakwama tena. Alisema haelewi kabisa.

Kaka akaniambia nisome upya, polepole. Niliona vidole vya miguu yake vinacheza. Nilimwuliza kama anataka nimwandikie yule mtu jibu, akasema hapana, hawajamwuliza. Ila mchana alikula sahani nzima, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu hospitali. Kesho yake walikuwa wamelalamika wengine watatu, na wawili kati yao wameanza kulaumiana. Kaka alinieleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia mpira, kwamba kosa la namna hiyo ni gumu kuliko yote, kwa sababu halitokei kila mara. Alisema watahangaika nalo juma zima. Kisha akanitania, akaniambia nikae tayari na vidole vyangu vya kortini, maana wataanza kumtafuta. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilidhani ni furaha ya fundi aliyeletewa kazi.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, nikafungua nikakuta barua fupi ya mtu wanayemwita Panzi. Ndilo jina analotumia kundini, lingine silijui. Aliandika hivi: "Nimerudisha mstari mmoja uliopotea katika usafi wa mwisho wa mafaili. Maelezo yake bado yalikuwepo. Jengeni upya." Chini yake walikuwepo wanne waliosema asante, sasa unapita kila mara.

Nikasema kwa furaha kwamba basi, wamepona. Akaniuliza Panzi aliandika saa ngapi, na kabla ya hapo alikuwa ameandika nini. Nikatazama. Panzi alikuwa safarini siku zote hizo. Alirudi, akasoma malalamiko, akasema ngoja nitazame, na barua ya pili ilitoka dakika kumi na moja baadaye.

"Dakika kumi na moja," kaka akasema.

Nikaenda kumchemshia chai. Niliporudi na kikombe na mrija, akasema, "Mdogo wangu, ule mstari haukupotea. Niliufuta mimi."

Akanieleza yote, uso tunduni. Jumapili ile, baada ya kuona hakuna aliyemjibu, alirudi kwenye mafaili yake akachagua mstari mmoja. Mstari huo unaiambia mashine kwamba sehemu fulani lazima ikamilike kabla ya nyingine kuanza. Kompyuta za siku hizi hujenga mambo mengi kwa wakati mmoja. Bila mstari ule, mashine wakati mwingine inabahatisha na kupata, wakati mwingine inaanza la pili kabla la kwanza halijawa tayari, na hapo ndipo inapokwama. Aliufuta, akaufunika ndani ya usafi wa kawaida wa mistari mia tatu ili ionekane bahati mbaya. Alitaka wahangaike kidogo tu, waseme mzee yuko wapi, wamwandikie. Angewajibu kupitia kwangu kwa sentensi moja, na wote wangepona.

"Niliwaandikia kwamba nakwenda kukatwa jicho," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyesema pole."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Badala yake nikauliza yale maelezo aliyoyataja Panzi ni yapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kaka ana desturi. Juu ya kila mstari wa maana katika mafaili yale elfu mbili, ameandika kwa maneno ya kawaida kwa nini mstari huo upo na nini kitatokea ukiondolewa. Wenzake hawana tabia hiyo, wengi wanaandika mstari wanakwenda zao. Sasa mzee wa watu alikuwa ameufuta mstari akasahau kufuta maelezo yake. Pale faili lilisema: sehemu hii lazima itangulie ile, la sivyo ujenzi utakwama mara kwa mara bila utaratibu, usiondoe. Na chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu.

Nimeona washtakiwa wa kila aina, lakini mwizi anayeiba mlango akaacha kibao kinachosema hapa palikuwa na mlango sijawahi kumwona. Nilimwambia hivyo. Hakucheka. Alisema kwamba wakati anafuta hakuyaona kabisa yale maelezo. Mkono wake haujui kuyafuta.

Baada ya chai akasema anataka kuwaandikia, na mimi nichape. Nikakaa. Akasema maneno yake polepole, kama walivyokuwa wakisema kortini wale waliokwishaamua:

"Mstari ule haukupotea. Niliufuta kwa makusudi siku moja kabla ya kwenda hospitali, nikauficha ndani ya usafi. Nilitaka mkwame ili mnitafute. Nawaomba radhi waliopoteza muda wao. Panzi, asante kwa kuurudisha."

Nikamwuliza kama anajua sheria yao inasemaje. Alijua vizuri kuliko mimi. Atakayeharibu ujenzi kwa makusudi ananyang'anywa ufunguo. Nikamwambia hakuna anayemshtaki, jambo limekwisha, mstari umerudi, kila mtu anadhani ni bahati mbaya, sasa anataka kujichongea kwa faida ya nani? Akajibu kwamba la kuvunda halina ubani. Nikamwambia ubani upo, ni kunyamaza. Akasema, "Tuma."

Nilitazama chumba kile. Kitanda, meza, feni zinavuma, kalenda ya mwaka juzi. Mke hana, mtoto hana, ofisi ya maji wameshasahau hata sura yake. Alichokuwa nacho duniani ni ufunguo ule, na mimi siku ya Jumapili. Nikaona wakimtoa kule atabaki na mimi peke yangu, na mimi najijua, si wa kumtosha mtu. Basi nikaihifadhi barua bila kuituma. Kitufe kililia vilevile.

"Imekwenda?"

"Imekwenda," nikasema.

Miaka thelathini sijawahi kupunguza wala kuongeza neno la mtu. Wauaji niliwachapia kama walivyosema. La kaka yangu ndilo nililolizuia, na nikaenda kuosha vyombo nikijiona nimefanya jambo la busara.

Jioni akauliza kama wamejibu. Nikasema bado. Kesho yake asubuhi akauliza kabla sijamtia dawa. Nikasema bado, labda wana shughuli. Mchana akauliza tena. Nilimsomea barua nyingine zote, za diski, za mtandao, utani wao, na yeye akawa anasikiliza jinsi ulimwengu unavyoendelea baada ya yeye kukiri. Siku ya saba hakumaliza uji. Siku ya nane alikunywa maji tu, na alipoinuka kwenda msalani nikaona mashavu yamebonyea. Nilimpikia kila alichokipenda utotoni. Alisema kizuri, asante, akakiacha.

Siku ya tisa hakuuliza. Nilikaa kwenye kompyuta, nikasoma barua zote mpaka mwisho, nikangoja aulize, hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe kwamba bado hawajajibu.

"Hawatajibu," akasema. "Hata kunikasirikia hawataki."

Nilikuwa nimemkinga na hasira za watu mia chache, nikampa kitu kibaya kuliko hizo. Kwa siku nne mtu huyu alikuwa amelala uso chini akiamini kwamba amevua nguo mbele ya wenzake wote na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nani angeendelea kunyamaza hapo? Mimi mwenyewe, kwa dakika kadhaa, kwa woga. Kisha nikasema.

"Kaka, barua sikuituma."

Nilitamani ainuke anitukane, lakini mtu aliyekatazwa kuinua uso hata kugombana hawezi.

"Ulipokuwa kortini," alisema mwishowe, "ulishawahi kuzuia maneno ya mtu?"

"Hapana."

"Sasa mbona yangu?"

"Wale hawakuwa kaka zangu," nikasema, na nikaanza kulia, mimi ninayejulikana kwa ukali.

Hakunibembeleza, na nilistahili. Aliniomba nimsomee barua ile kama alivyoisema. Nikamsomea. Akasema nisiongeze kitu, nisiseme ni mgonjwa, nisiseme ilichelewa kwa sababu gani. Nikabonyeza kitufe, safari hii cha kutuma. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Hawakukawia. Kufikia saa sita walikuwa wameandika kumi na wanne, na nilimsomea zote bila kulainisha neno, ingawa nyingine zilinichoma ulimi. Mmoja alisema alipoteza siku mbili na usingizi kwa ajili ya mchezo wa kitoto. Mwingine alisema mtu wa miaka mingi kiasi hiki ndiye aliyepaswa kuwa na haya kuliko wote. Wawili walimtetea, wakanyamazishwa. Wengine walisema pole kwa jicho, hatukujua ni kubwa kiasi hicho, na hao ndio walionikera zaidi. Kaka alikuwa akisema endelea. Saa nane msimamizi wa kundi akaandika, kwa heshima, kwamba sheria ni sheria. Ufunguo wake umefungwa tangu saa hiyo. Anaweza kuendelea kutuma kazi kama mtu yeyote wa nje, na itakaguliwa na wengine kabla ya kuingizwa. Alimshukuru kwa miaka ishirini na miwili, sentensi moja.

"Sawa," kaka akasema. Akaomba maji, akanywa kwa mrija, akanywa tena. Kisha akala nusu sahani ya wali uliopoa. Sikujua nifurahi au nisifurahi.

Ya Panzi ilikuja saa tisa, na haikutumwa kundini. Ilikuwa ya kaka peke yake, ya kwanza kwa miezi mitano. Niliisoma hivi:

"Mzee, nilijua. Nimesoma mafaili yako miaka minane, nimejifunza kazi kwa maelezo yako. Hujawahi kuacha maelezo bila mstari, wala mstari bila maelezo. Nilipoyaona yamekaa peke yao nilijua ulifanya makusudi, au kuna jambo limekupata. Nilikaa dakika kumi nikitafuta namna ya kukuuliza. Nikaona nitakuaibisha. Basi nikarudisha mstari, nikaandika kwamba ulipotea. Nisamehe."

Kwa hiyo katika zile dakika kumi na moja, kumi zilikuwa za kumfikiria yeye. Nilimtazama kaka. Machozi ya mtu aliyelala uso chini hayapiti mashavuni, yanadondoka moja kwa moja. Yalikuwa yametoka kwenye lile jicho bovu la kushoto, na sakafuni chini ya tundu palikuwa pamelowa. Nilikumbuka daktari alikataza asilie. Nikachuchumaa, nikapanga maneno ya kumfariji, kwamba unaona, kumbe yupo aliyekuona, kumbe alikuwa anakustahi.

"Angeniuliza tu," kaka akasema.

Nilikuwa nimekuja katika chumba kile kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili. Nilimwuliza kama amekula. Nilimwuliza kuhusu kodi, kuhusu shati lililochanika, kuhusu kikohozi, kuhusu yule mke. Nilizifuta vumbi kompyuta zile kwa mkono wangu, na kamwe, hata kwa bahati mbaya, sikuwahi kumwuliza kilichokuwa kinapita kwenye skrini. Nilijiona namheshimu, simwingilii mambo yake.

Nikavuta stuli nikakaa karibu na kichwa chake. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na swali la kijinga. Nikamwuliza ule mstari alioufuta uliandikwaje hasa, neno kwa neno.

"Wa nini tena?" akasema. "Pumzika, mdogo wangu. Usijisumbue kunifariji."

Nikauliza tena.